Wikendi zetu New Jersey: maswali tunayoulizwa kila mara

Nimezaliwa Kisutu, Dar es Salaam. Mume wangu ni mtu wa Vadodara, Gujarat. Tunaishi Edison, jimbo la New Jersey, na huu ni mwaka wetu wa saba. Kila nikituma picha za matembezi kwenye kundi la familia, simu haitulii: hapo ni wapi, mlifikaje, mlikula nini, kiingilio kiasi gani. Wengine wanaouliza ni ndugu, wengine ni watu wanaojiandaa kuja huku kwa kazi au masomo na hawajui hizo siku mbili za mapumziko watazifanyia nini. Nimejibu hapa yale yanayorudi mara nyingi. Pale ninapopapenda nimesema kwa kirefu.

Ninyi ni Wahindi wa India au wa Afrika?

Mmoja huku, mmoja kule. Ukoo wetu ulivuka bahari kutoka Kachchh zamani za majahazi, na Kiswahili ndicho nilichochezea mtaani. Mume wangu alikuja Marekani kusoma, akapata kazi ya kompyuta, akabaki. Kwa majirani wa hapa sote ni Wahindi tu, wala hatuoni ubaya. Tofauti hujitokeza mezani. Mimi nikiona muhogo nawaza chumvi, pilipili na ndimu. Yeye anawaza mfungo, kwa sababu kwao sabudana, zile chembe nyeupe za wanga wa muhogo, ni chakula cha siku ya kufunga.

Kwa nini hamtulii nyumbani mkapumzika?

Mama yangu ananiuliza hili kila Jumapili, na jibu langu ni lile lile: tukitulia nyumbani tunaumwa.

Dar hatukuwa na haja ya kupanga matembezi. Jumapili jioni baba aliwasha gari, tukateremka Ocean Road, tukaegesha uso ukielekea bahari. Kabla jua halijazama ulikuwa umeshasalimiana na nusu ya Kisutu, umelishwa muhogo wa kukaanga na shangazi, na umeshaambiwa umekonda. Hapa hakuna anayegonga mlango bila taarifa. Nilipofika nilikuwa na visa ya mke wa mfanyakazi, ile isiyokupa ruhusa ya kuajiriwa mpaka maombi ya mume ya ukaazi wa kudumu yafike hatua fulani, na kwa waliozaliwa India foleni ya ukaazi wenyewe ni ya miaka mingi. Mume akishatoka asubuhi, sauti niliyobaki nayo kutwa ilikuwa ya friji. Jumamosi naye alitaka kulala, na alikuwa na haki, amechoka. Tukaishi hivyo karibu mwaka mzima, tukaanza kununiana bila sababu.

Jumapili moja ya Mei akanitoa tu, bila mpango wowote, tukaenda kukaa Roosevelt Park, kando ya lile ziwa. Mama mmoja aliyevaa sari na viatu vya michezo akaja kwenye benchi letu, akakaa, akauliza kwa Kigujarati, "Kijiji chenu kipi?" Hilo ndilo swali la kwanza la Mgujarati popote duniani. Nikamjibu, akanijibu, tukaanza kutafutana kwenye ukoo. Nililia njiani tukirudi, kwa furaha. Tangu siku ile hatujashinda ndani wikendi nzima ila kwa ugonjwa au theluji.

Wikendi yenu huanza saa ngapi?

Ijumaa usiku, kwa kuloweka mchele na dengu za dosa. Jumamosi asubuhi ni ya kazi: kufua, kusafisha, kulipa bili. Kisha tunakwenda Patel Brothers. Ndugu wawili, Mafat na Tulsi Patel, walifungua duka la kwanza Chicago, Devon Avenue, mwaka 1974, na leo matawi yako majimbo mengi. Mgeni ataona duka la vyakula. Sisi kwetu ni baraza. Pale kwenye foleni ya kulipia ndipo utasikia nani amejifungua, nani kapunguzwa kazini, nyumba gani inapangishwa. Kwenye majokofu kuna mbaazi mbichi na mihogo iliyomenywa, na pakiti imeandikwa "mogo", vile vile tunavyoita sisi Wahindi wa Afrika Mashariki. Mara ya kwanza kuliona neno lile nilisimama nalo mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

Ukija Mei au Juni utakuta maboksi ya maembe ya Kesar na Alphonso yaliyosafirishwa kwa ndege. Marekani iliyafungulia mlango maembe ya India mwaka 2007. Bei yake inauma, lakini tunanunua boksi moja kila msimu.

Oak Tree Road ni mtaa au soko?

Ni barabara inayopita Edison na Iselin, na pande zote mbili ni maduka ya sari, dhahabu, mithai, vyombo, tambuu, na mikahawa isiyohesabika. Watu huja kutoka majimbo ya jirani kununua nguo za harusi. Sisi huenda Jumamosi jioni, hatununui kitu kikubwa, tunatembea tu kutoka mwisho huu hadi ule. Lazima tusimame mahali tule pani puri: vikaki vyembamba vinavyotobolewa juu, vikajazwa viazi na maji ya mnanaa na ukwaju. Unakila kizima kwa tonge moja kabla hakijalegea. Mtu wa Zanzibar aliyezoea urojo atajisikia yuko nyumbani.

Jersey City nako wana mtaa wao, Newark Avenue, karibu na kituo cha treni cha Journal Square. Ni mfupi na umebanana zaidi, na ukitokea New York bila gari ndio rahisi kuufikia. Ila wiki ya Diwali usiingize gari Oak Tree Road. Egesha mbali, utembee.

Lile hekalu jeupe kwenye picha zenu ni lipi? Asiye Mhindu anaruhusiwa?

Ni Akshardham ya Robbinsville, hekalu la jumuiya ya Kihindu ya Swaminarayan, mwendo wa dakika kama 40 kutoka kwetu. Lilifunguliwa rasmi tarehe 8 Oktoba 2023. Kila mtu anakaribishwa na hakuna kiingilio.

Hapa naomba uniache niseme. Lina kimo cha takriban mita 58, na limejengwa kwa mawe bila nondo. Mawe ya chokaa yalitoka Bulgaria, marumaru yakatoka Italia, yakapelekwa India kuchongwa na mafundi wa kurithi kazi. Kisha yakasafirishwa tena hadi New Jersey, yakapangwa moja moja. Maelfu ya watu wa kujitolea walishiriki kazi hiyo: vijana walioacha chuo kwa muda, wahandisi waliochukua likizo, wazee waliostaafu. Ukiingia utakuta hakuna shibri moja ya ukuta iliyoachwa bure: tausi, tembo, wacheza ngoma, wapiga zumari. Mimi hupenda kusimama mbele ya nguzo moja tu na kuisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukitaka kuona zote kwa siku moja hutaona hata moja. Nje kuna kisima cha ngazi, Brahma Kund, chenye maji yaliyokusanywa kutoka mito zaidi ya 300 na majimbo yote 50 ya Marekani.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Jumuiya hiyo hiyo ya Swaminarayan ilijenga hekalu la mawe ya kuchonga Nairobi, likafunguliwa mwaka 1999, na mafundi wake nao walichongea India. Nililiona nikiwa msichana. Nilipoingia Robbinsville, harufu ya samli na ubani ilikuwa ile ile.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Viatu vinaachwa mlangoni, kwa hiyo Desemba vaa soksi nzito, maana marumaru haina huruma. Ndani ya hekalu lenyewe hupigi picha.

Kila mkienda hekaluni mnaenda huko?

Hapana. Wikendi ya kawaida tunakwenda Bridgewater, kwenye hekalu la Sri Venkateswara, lililo karibu na kwetu. Ni la mtindo wa Kusini mwa India na lina kantini yake. Baada ya sala unakaa kwenye meza ndefu na watu usiowajua, unakula dosa iliyotoka jikoni sasa hivi. Tukiwa New York tunapita Flushing, Queens, kwenye hekalu la Ganesha lililofunguliwa mwaka 1977. Nalo lina kantini, chini ya jengo. Nimejuana na watu wengi zaidi kwenye kantini za mahekalu kuliko mahali pengine popote Marekani.

Hamli nyama. Njiani mnakula nini?

Tunabeba. Mume wangu hawashi gari bila thepla. Ni chapati nyembamba za unga wa ngano, majani ya uwatu, manjano, pilipili, mtindi na mafuta kidogo. Mtindi na mafuta ndiyo yanayozifanya zikae siku tatu bila kukauka wala kuharibika, na ndiyo maana hakuna Mgujarati anayesafiri bila hizo. Huzipika saa kumi na moja alfajiri. Kila moja ikitoka kwenye tawa naipaka mafuta kwa nyuma ya kijiko, naipanga juu ya mwenzake, nafunika kwa kitambaa cha pamba kwanza ndipo foili, ili jasho lisizilowanishe. Kando huweka achari ya embe tamu, chevda, viazi vya bizari, na chupa mbili za chai yenye tangawizi na iliki. Tukisimama kwenye kituo cha kupumzikia barabarani, natandika kanga juu ya meza ya mbao, tunakula. Mara nyingi familia ya meza ya pili nayo inafungua foili yake na harufu ni ile ile. Basi, tunabadilishana achari.

Ukisahau kubeba hutakufa njaa: siku hizi maharage na wali wa Kimeksiko unapatikana kila mji. Uliza tu kama maharage yamepikwa kwa mafuta ya nguruwe.

Na bahari je? Mtoto wa Dar unaishije bila bahari?

Siishi bila bahari. Tunayo Atlantiki, ila inabidi uizoee.

Cha kwanza, miji mingi ya pwani ya New Jersey hutoza kiingilio cha ufukweni kiangazi; unapewa beji. Kwa mtu aliyekulia Coco Beach, kulipa ili ukanyage mchanga ni jambo gumu kulimeza. Atlantic City hawatozi. Sisi hupenda Sandy Hook, ulimi wa mchanga ulio chini ya serikali kuu. Hakuna beji, kiangazi unalipia maegesho ya gari tu, na tulipokwenda mara ya mwisho ilikuwa dola 20 kutwa nzima. Uwahi asubuhi, kwa sababu maegesho yakijaa wanafunga geti. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1764 ambao bado unawaka, mkongwe kuliko yote inayofanya kazi nchini humu, na siku ya anga safi unaona maghorofa ya Manhattan ng'ambo ya maji. Jambo moja uambiwe mapema: ufukwe mmoja wa Sandy Hook, Gunnison, watu wanaruhusiwa kuvua nguo zote. Ukiwa na wakwe, soma vibao.

Maji ni baridi. Juni unaingia mpaka magotini, unatoka. Agosti ndio unaweza kuogelea. Lakini jua likianza kushuka mume wangu huegesha gari uso ukielekea maji, anazima injini, ananipa kikombe cha chai, na hatusemi kitu. Ananifanyia hivyo kwa sababu nilimsimulia Ocean Road ya baba yangu.

Mei, upepo ukiwa mzuri, tunarusha tiara. Gujarat siku ya tiara ni Uttarayan, tarehe 14 Januari, watu wote wako juu ya mapaa. Hapa Januari vidole vitakatika kwa baridi, kwa hiyo tumeihamisha sikukuu yetu.

Kwa nini kila mwaka mnaenda kuchuma matunda? Hayauzwi dukani?

Yanauzwa, na ni rahisi zaidi dukani. Tunafuata shamba. Juni ni stroberi, Julai bluberi, Septemba na Oktoba matufaha. Unapewa kikapu, unachuma mwenyewe, unapimiwa ukitoka. Bluberi ina historia yake hapa hapa New Jersey: ilikuwa tunda la porini mpaka Elizabeth White, binti wa mkulima wa Whitesbog, na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walipoifanya zao la shambani, wakauza mavuno ya kwanza mwaka 1916. White aliwalipa watu wa msituni wamletee vichaka vyenye matunda makubwa, akavipa vichaka majina ya waliovileta. Napenda kwamba waliovitafuta hawakusahauliwa.

Mwaka ambao mama mkwe alikuwa nasi tulimpeleka kwenye matufaha. Akauma moja la kijani, akafumba macho, akasema, "Hili ni embe bichi." Hatukuelewa mpaka jioni. Aliyakuna yote kwa mbuzi ya jibini, akayatia chumvi na manjano, akayakamua, akayapika na sukari, bizari nyembamba na pilipili mpaka shira ikavuta uzi. Achari ile tuliila mpaka Machi. Sasa kila Oktoba naipika, na marafiki huja na chupa tupu.

Niagara ni mbali? Mlivuka upande wa Kanada?

Ni karibu kilomita 640 kutoka Edison, saa saba ukiwa na vituo vya chai. Toka Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri, ulale usiku mmoja. Hatukuvuka. Pasi ya India na ya Tanzania zote zinahitaji visa ya Kanada, na upande ule una sura pana zaidi ya maporomoko, ni kweli. Lakini upande wa Marekani unakuweka karibu nayo zaidi: kwenye kisiwa cha Goat Island unasimama ukingoni kabisa, maji yanapinda mbele ya miguu yako yakiwa ya kijani kama chupa, ndipo yanavunjika. Ndiyo bustani kongwe ya jimbo nchini Marekani, ya tangu 1885, na kuingia ni bure, unalipia maegesho.

Tulikosea mara ya kwanza. Tulikwenda Machi, tukakuta mashua za chini ya maporomoko hazijaanza msimu na ngazi zimefungwa kwa barafu. Nenda kati ya mwisho wa Mei na Oktoba. Chakula usihofu, mji ule una mikahawa ya Kihindi mingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kila Mhindi wa mashariki mwa Marekani aliyetembelewa na wazazi lazima awapeleke huko.

Wakwe zako wakija mnawapeleka wapi?

Wanapewa miezi sita, kwa hiyo wikendi ni nyingi. Orodha yao huja nayo tayari: Sanamu ya Uhuru, Niagara, Times Square, Washington. Kwa Sanamu panda boti Liberty State Park, Jersey City. Foleni yake huwa fupi kuliko ya Manhattan, na kwa magoti ya wazee hilo ni jambo kubwa. Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege.

Lakini yale waliyoyapenda zaidi hayakuwa kwenye orodha. Baba mkwe ni fundi umeme mstaafu. Wiki ya tatu akauliza, mji huu unaitwa Edison kwa nini? Tukaona aibu, miaka yote ile hatukuwa tumekwenda. Karibu na Oak Tree Road ndipo ilipokuwa maabara ya Menlo Park ya mvumbuzi Thomas Edison, alipotengeneza mashine ya kurekodi sauti mwaka 1877 na balbu yake mwaka 1879; mji wenyewe ulikuwa Raritan na ukabadilishwa jina mwaka 1954. Maabara haipo tena pale, kuna makumbusho madogo na mnara wa mwaka 1938, kama mita 40, wenye balbu kubwa ya kioo kileleni. Mzee alifika chini ya mnara, akavua viatu, akaunganisha viganja kama afanyavyo hekaluni. Akasema, "Huyu ndiye aliyenisomeshea watoto." Mume wangu alikwenda kusimama kando peke yake kidogo.

Mzee pia alifurahishwa na vituo vya mafuta. New Jersey ndilo jimbo pekee lililobaki ambako mwenye gari haruhusiwi kujijazia petroli, sheria ya mwaka 1949, mhudumu lazima ndiye akujazie. Wahudumu wengi tunaowakuta ni Wapunjabi na Wagujarati. Tulikuwa tunasimama dakika kumi, mzee anauliza kijiji.

Mnagombana kuhusu pa kwenda?

Ndiyo. Yeye ni wa milima, mimi wa maji. Tumekubaliana zamu. Zamu yake tunakwenda Delaware Water Gap, mahali mto Delaware ulipopasua mlima kati ya New Jersey na Pennsylvania. Yeye anapanda Mount Tammany, mimi napanda naye hadi nusu siku nikiwa na nguvu, siku nyingine namngoja mtoni. Oktoba inastahili hata kwa asiyependa milima. Siku zinapofupika, miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani ya majani, na njano iliyokuwa imejificha ndani inatokeza. Nyekundu inatengenezwa upya siku hizo hizo. Bonde zima linakuwa kama duka la sari.

Huko msituni hakuna wanyama wakali?

Kuna dubu weusi. Ukimwona usikimbie, rudi nyuma taratibu, na chakula usikiache wazi. Wa kuogopa zaidi ni kupe wa kulungu, mdogo kama mbegu ya ufuta, anayeleta ugonjwa wa Lyme. Vaa soksi ndefu za rangi nyepesi, chomeka suruali ndani, na ukifika nyumbani kagua nyuma ya magoti, kiunoni na shingoni. Ukimkuta, mchomoe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi. Kwa kawaida anahitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ile ile ndio kinga.

Garba za huko zina raha kama za nyumbani?

Garba ni ngoma ya duara ya Wagujarati. Mume wangu anatoka Vadodara, mji wa garba, kwa hiyo swali hili kwetu ni zito. Navratri, sikukuu inayochezewa garba, ni usiku tisa, Septemba au Oktoba kwa kalenda ya mwezi. Hapa hakuna likizo, basi garba zinatawanywa kwenye Ijumaa na Jumamosi, wiki kadhaa kabla na baada. Mwezi mzima hatushiki jambo jingine. Ndogo hufanyika kwenye kumbi za michezo za shule, kubwa kwenye kumbi za maonyesho, na huko ni maelfu ya watu wanaozunguka duara ndani ya duara, katikati wamemweka Mama, yaani mungu wa kike, na taa yake. Jina lenyewe linatokana na chungu chenye matundu, taa imewekwa ndani. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu, na mume wangu alizipigia simu nyumba zote za kwao usiku ule.

Inaanza polepole, makofi mawili, kisha matatu, halafu mpiga ngoma ya dhol anakaza na duara linakimbia. Vijana waliozaliwa hapa wasiojua kusoma Kigujarati wanazijua nyimbo zote. Pembezoni wako akina mama wazee wanaocheza mwendo wao, makofi mawili yale yale, tangu saa mbili mpaka usiku wa manane. Mume wangu hucheza pekupeku kama kwao, juu ya saruji, na Jumapili tunakanda nyayo kwa maji ya chumvi. Vijiti vyangu vya dandia, vya kugonganisha tukicheza, ni vile alivyoninunulia baba Kisutu. Kimoja kimepasuka, nimekifunga uzi.

Fika mapema, nunua tiketi kabla, na viatu vyako vitie kwenye mfuko wenye alama.

Krikiti?

Sana. Ligi ya India ikianza jioni kule, hapa ni saa nne asubuhi, yaani saa kumi na moja jioni Dar, kwa hiyo Jumamosi ya Aprili chai ya asubuhi inanywewa kwa watu wenye televisheni kubwa. Juni 2024 India na Pakistan walicheza Kombe la Dunia la T20 Long Island, kwenye uwanja wa muda. India ilishinda kwa mikimbio 6 tu. Hatukupata tiketi tunayoweza kuimudu. Tuliangalia tukiwa watu 19 sebuleni kwa jirani wa Hyderabad, na jirani wa Lahore akaleta biriani.

Baridi ikiingia mnafanya nini?

Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na hapo ndipo upweke unaponyatia. Tunahamia majumbani. Kila Jumamosi nyumba moja, kila familia na sufuria yake: huyu wali, huyu dengu, mimi hutakiwa mihogo ya nazi. Watoto wanalala juu ya rundo la makoti. Wazee wanaotembelea watoto wao hutembea ndani ya Menlo Park Mall asubuhi, raundi kadhaa, hawanunui kitu. Ukiwa mpya mjini na humjui mtu, nenda katembee nao.

Gharama zote hizo mnazipata wapi?

Wikendi nyingi ni petroli, tozo za barabara na chakula cha nyumbani. Aprili tunakwenda Branch Brook Park, Newark, kuona maua ya micheri, miti zaidi ya 5,000, mingi kuliko ya Washington, na kuingia ni bure. Niagara na garba kubwa tunazidunduliza.

Kiswahili umekiacha?

Siwezi. Mume wangu alianza na maneno ambayo tayari alikuwa nayo: gari, chapati, rangi, pesa, laki, kachumbari. Sasa akinikuta nimenuna anasema, "Twende baharini?"

Nikija, mtanipeleka wapi?

Njoo wiki ya mwisho ya Septemba. Jumamosi asubuhi tutakwenda sokoni, mchana Robbinsville, usiku garba. Jumapili utachagua matufaha au Sandy Hook. Leta sweta, soksi nzito, na viatu vya kutembelea ulivyokwisha kuvizoea. Ukiweza, pitia Kisutu uniletee jozi moja ya vijiti vya dandia, vya mti, si vya chuma.